Punda wa Mkopo

Simu ya Famau ilifungwa usiku wa Alhamisi,
saa sita na dakika moja,
kwa shilingi hamsini.

Asubuhi akaja dukani kwangu, hapa Langoni,
vumbi la chokaa kwenye kope,
akaiweka juu ya kaunta
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
Kwenye kioo, maandishi meupe:
Kifaa hiki kimefungwa. Lipa ufurahie huduma.
"Ufurahie," akasema.
"Na furaha nayo mmeifungia humu ndani?"

Nikamjibu nilivyofundishwa kwenye semina,
Malindi, siku mbili, chai na sambusa:
si mimi ninayefunga, ni mfumo.
Mfumo uko Nairobi,
au mbali zaidi, sijui.
Mfumo haulali.

Skanda wa ofisi ya kaunti, aliyekuja kununua chaja,
akasema ahadi ni ahadi, aliyekopa alipe.
"Alipe, sawa," akadakia Bi Mwanamkasi,
mikono ingali na unga wa viazi vya karai,
"lakini simu ni ya elfu tisa
na ashatoa kumi na mbili.
Itakuwa yake lini? Siku ya sanda?
Hiyo ziada mnaiitaje?"
"Si riba," Skanda akasema upesi,
maana adhuhuri ilikuwa karibu, na msikiti pia.
"Ni ada."
"Ada," akasema Bi Mwanamkasi,
"ni riba iliyokwenda kuoga."

Famau hakucheka.
Akavuta kamba,
kichwa cha punda kikaingia mlangoni,
kikanusa makasha ya simu kwenye rafu.
Hapo akasimama, akalitoa la kwao:

*Punda pia ni wa deni, kwa Kombo nilimtwaa,*
*Nikakosa mfukoni, siku nane nikakwaa,*
*Hakusimama njiani, kwato zake kukataa,*
*Wala Kombo hakutia kufuli masikioni.*

Watu wakapiga makofi, mizani imetimia.
Hata Skanda.
Punda akatikisa masikio yake mawili, wazi yote.
Asante ya punda ni mateke, akasema mmoja,
angalau mateke unayasikia.

Kisha Famau akasema, sasa bila vina,
akiangalia kamba iliyomo mkononi:
"Dada yangu alipiga usiku ule, kutoka Faza.
Mara sita.
Mama alikuwa amelikumbuka jina langu.
Alikuwa akiniita, anasema nileteni nizungumze naye.
Kulipokucha
lilikuwa limeshamtoka tena."

Hakuna aliyekuwa na la kuongeza.
Skanda alilipa chaja bila kuomba apunguziwe.
Mimi nikatoa hamsini yangu, nikaituma huko iendako,
na simu ikaamka ikiimba,
haina habari, haina haya,
ikamkaribisha Famau kwa jina lake kamili.
Akaitia mfukoni. Akaenda. Kulikuwa na mchanga wa kubeba.

Jioni, nilipokwisha teremsha kitasa,
nikaufungua mkataba wake.
Kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza,
herufi kama sisimizi waliokufa kwenye sukari.
Chini kabisa, kijisanduku: Nakubali.

Nikaikumbuka siku ile.
Vidole vya Famau, vilivyolika kwa mawe na magunia ya saruji,
kioo hakikuvihisi.
Alibonyeza mara tatu. Akavipangusa kwenye kikoi, akabonyeza tena.
"Chombo chako hakinioni," aliniambia, akicheka.
Na foleni ilikuwa ndefu, na joto,
nami nikanyoosha mkono juu ya kaunta
nikamsaidia.

Kidole kilichokubali ni changu.
Nililipwa mia mbili.