Nimelala

Mchoro wa kufungulia niliuiba kwa kutazama kidole:
juu, kati, chini, kati,
kama mtu anayeonyesha njia ya kushuka mtoni.
Nilijifuta mikono kwenye kitenge
ingawa haikuwa na maji.

Mvua ya Tukuyu haina saa ya kulala.
Ilikuwa inatwanga bati tangu magharibi,
na mimi jikoni, makaa yamebaki mawili,
simu ya Bupe inanimulika usoni
kama tochi ya askari wa barabarani.

Nikasoma. Yaani, nilijaribu.
Watoto hawa wameikata lugha mkia:
cjui, xaxa, ucjali.
Nikawa naunganisha herufi kwa midomo,
mtu mzima katika darasa la ngumbaru.

Sekela anauliza daftari la jiografia.
Kwaya imehamisha mazoezi.
Mtu katuma mbuzi aliyevaa miwani, wote wakacheka.
Nikaona aibu, na aibu ile ilikuwa tamu;
nilitaka kuzima nikalale.

Halafu jina: Fundi Cherehani.
Hatuna fundi cherehani
anayeandika saa tano usiku.

Upo?
Nimelala.
Tuma basi ile picha.
Nimelala.
Unaniogopa? Mimi si ndiye nakuwekea bando?
Nimelala, kesho shule.

Mara kumi na nne. Nilihesabu kwa vidole,
vilipoisha nikahesabu kwa mkaa.
Mara kumi na nne mwanangu amelala akiwa macho.
Moja kati ya hizo ilikuwa saa mbili kasoro,
tunamenya ndizi, kisu chake na changu,
maganda yanaangukia beseni moja.
Nilimwambia, simu hiyo itakupofusha.
Akacheka. Akaandika: nimelala.

Ambakisye angeivunja. Simu kwanza, mtu baadaye.
Angetoka na panga la migombani
akaulize kila cherehani kutoka stendi hadi Katumba.
Dada yangu wa Uyole angesema si ulimpa mwenyewe,
mtoto kalilia wembe.
Sikumwamsha yeyote.

Nilikumbuka barua.
Mama aliifungulia kwenye mvuke wa chungu cha kande,
akaibandika tena kwa ugali.
Nilijua. Bahasha ilinuka mahindi.
Hakusema neno, nami nikajifunza kuficha vizuri zaidi,
mpaka siku niliyotaka kuonekana
nikawa sijui pa kutokea.

Simu nikairudisha mezani, kioo juu.
Yeye huilaza kifudifudi.

Asubuhi aliitazama, kisha akanitazama.
Ukungu ulikuwa umeingia hadi vikombeni.
"Chai ina tangawizi?"
"Ina."
Akaenda shule na sweta lile la kiwiko kilichotoboka,
ambalo kila Jumapili nasema nitalishona.

Usiku aliiacha kwenye meza ya jikoni,
karibu na chumvi, bila kuifunga,
akaaga, akaingia kwake.
Saa tano ikaanza kutetemeka,
ikitambaa mezani kama mende aliyepinduliwa.

Upo?

Safari hii hakuna aliyejibu kwamba amelala.

Mlango wa chumba chake ni pazia,
la maua ya njano, nililipinda mwenyewe.
Miaka yote nimelipita kama upepo,
nikiokota soksi, nikizima taa, nikigomba.
Nikasimama mbele yake.
Ndani, pumzi ya mtu anayesikiliza.

"Hodi," nikasema,
mimi, nyumbani kwangu,

nikangoja.