Kikulacho

Asubuhi nala kiapo.
Ndicho chakula changu cha kwanza, hakina mafuta:
leo si mkate, leo si siagi, leo si mimi wa jana.
Kahawa nyeusi, nusu tofaa,
kisha natembea kando ya mto ulioganda
hadi kwenye jumba la maigizo, hapa Tartu.

Nashona mavazi ya waigizaji.
Futikamba inaning'inia shingoni mwangu mchana kutwa.
Säde, kiuno, sitini na nne.
Kaarin, sabini na moja: "Nimenenepa, Urve, au ni sweta?"
Wanacheka. Nacheka nao, pini mdomoni.
Hakuna anayenipima mimi.
Najipima mwenyewe, kwa macho yao.

Saa kumi jioni, Januari, giza limeshatanda.
Mwongozaji anasema kola imepinda.
Kola tu.
Lakini kwangu neno halikai kolani,
linashuka kooni, linatafuta kiti.

Njiani nasema, duka nitalipita.
Silipiti.
Mzee Heldur wa kwenye kaunta anauliza kama nina wageni.
Wanne, namwambia.

Nakula nimesimama, koti mwilini,
maana kulivua ni kukiri kwamba nimeanza.
Taa ya friji yanitosha.
Mkate mweusi, samaki wa kopo,
jibini tamu iliyovikwa chokoleti.
Kipande cha tatu bado kina ladha.
Cha sita ni kazi.
Baada ya hapo hakuna Urve, hakuna kola, hakuna sitini na nne,
kuna taya tu,
na theluji inayoanguka kimya
juu ya kila kitu chenye ncha.
Si utamu ninaoutafuta, nisikilize.
Ni huo ukimya.
Dakika kumi na moja, labda.

Kisha sauti inarudi, na imekuja na fimbo.
Makaratasi nayafunga gazetini, gazeti mfukoni,
mfuko naupeleka kwenye pipa la jirani,
na kesho, naapa, kesho sili kitu.
Fundi gani mimi!
Kamba ninayoisokota asubuhi
ndiyo inayonivuta usiku hadi jikoni.

Tabibu, mama mnyamavu, soksi zake hazilingani,
hakuuliza nilikula nini.
Aliuliza: "Kabla ya hapo, ulikula lini?"
Nikahesabu kwa vidole, vikaisha.
Nikangoja anisute.
Akaandika tu, kisha akasema:
"Tuanzie asubuhi."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Na nguo nimezishona mwenyewe,
pindo kwa pindo, tangu nina miaka kumi na miwili,
siku shangazi aliponiondolea sahani mbele ya wageni
akasema, "Huyu ametosheka."

Leo nimeketi. Bakuli, kijiko, uji wa shayiri.
Mkono unatetemeka
kama wa mwizi aliyekaribishwa mezani.
Sijala kiapo.
Usiku, sijui.
Uji una madonge. Naumaliza.