Muhtasari wa Kikao cha Matete

Namba moja: kufungua kikao.
Mwenyekiti alifungua saa nne na robo,
ingawa barua ilisema saa mbili.
Waliohudhuria: thelathini na wanane,
na mbuzi wa Anangisye, ambaye sikumwandika.

Namba mbili: hali ya ufuko.
Afisa uvuvi, Bi Restituta Haule, alisema
ziwa limemeza hatua sitini za mwambao kwa miaka tisa,
na mbasa hana tena pa kujisitiri
kabla hajaupanda Lufilyo kwenda kutaga.
Hayo nimeyaandika.
Sikuandika kwamba alivua viatu,
akashuka hadi kwenye shina la mwisho la tete,
akaliinua
kama unavyoinua mkono wa mgonjwa kutafuta mapigo.

Namba tatu: chanzo.
Wenye mpunga waliwataja wenye makokoro.
Wenye makokoro wakasema, nyie mmelima
mpaka jembe likanywa maji.
Kisha wote, kama upepo unavyogeuza moshi,
wakawageukia wafinyanzi:
nani anachimba udongo ukingoni?
Nani anakata matete ya kuchomea vyungu?
Bi Tupokigwe alisimama, viganja bado vya kijivu.
"Na mboga zenu za jana,
mlizipikia ndani ya kofia?"
Nikaandika: wajumbe walitoa michango mbalimbali.

Namba nne: makubaliano.
Kampuni ya kakao imekuja na kurasa kumi na moja
na kijana wa shati jeupe, Lwitiko Mwasandube,
ambaye bibi yake alizikwa Ipinda, kwa hiyo tulimsikiliza.
Kampuni itatoa fedha ya miche, mashua moja,
na trekta la kufungua shimo la udongo kule juu, mbali na maji.
Halmashauri itatoa mtaalamu na sheria ndogo.
Kijiji kitatoa mikono.
(Mikono ndiyo hutolewa na kijiji siku zote.)
Neno "ubia" likapita mdomo hadi mdomo,
kila mtu akilitafuta mwiba.

Ndipo Bi Tupokigwe akauliza:
"Matete yakishaota, ufuko utakuwa wa nani?"
Lwitiko akafunua ukurasa wa saba.
Akafunua wa nane.
Akarudi wa saba.
Milima ya Livingstone ilikuwa imejifunika wingu hadi kiunoni,
na mimi kwa mara ya kwanza
niliombwa kalamu yangu na mwenye fedha.
Akaandika pembeni kwa mkono wake:
ufuko ni wa kijiji, leo na yakiota.

Wa kwanza kutia dole gumba alikuwa yeye aliyeuliza.
Kidau cha wino kilikuwa kimekauka.
Akatumia udongo.
Mwanasheria wa wilaya alikunja uso;
alama bado ipo, imepasuka kidogo katikati,
kama chungu kilichotolewa motoni mapema.

Namba tano: mengineyo.
Haya nayaongeza baada ya masika mawili.
Miche ya kwanza, mia nane, tuliipanda kwa nyimbo.
Kiboko hakuhudhuria kikao.
Alikula nusu usiku mmoja.
Ya pili tuliizungushia mianzi, bila nyimbo.

Sasa ukipita njia ya Lyulilo Jumamosi
utawaona akina mama na vyungu vya udongo wa juu.
Wanasema ni mkaidi, una mchanga, unataka subira.
Wanasema pia haujamvunjia mtu mguu.
Watoto wanaapa wameona mbasa kwenye kivuli cha majani.
Bi Restituta amesema tusiandike bado.
Sijaandika.

Juzi imekuja barua ya kampuni:
bango lao lenye nembo tatu halionekani kutoka barabarani,
matete yamelifunika,
tafadhali yapunguzwe.
Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akanipa.
Nimejibu kwa mhuri:
sheria ndogo, kifungu cha nne, hairuhusu kukata tete,
hata kwa walioyalipia.
Tunawakaribisha mje kulitafuta bango.
Njooni na viatu mkononi.

Kikao kilifungwa saa nane na nusu.
Mbuzi alikuwa amekula ajenda.