Kilo Sita Kasoro

Mzani wangu wa dagaa pale Kibirizi
haujawahi kupima safari.
Leo, wanunuzi wa Kasulu walipokwisha kufunga magunia,
nimeutundikia begi langu la mgongoni:
kilo tisa na nusu, na harufu ya samaki juu yake.

"Toa," kasema Leokadia, aliyekwenda mara nne.
"Barabarani kila robo kilo ina mdomo.
Kufika Kidahwe itakuwa inakutukana."

Nikatoa sufuria. Nikatoa kandambili za pili,
mwavuli (mvua tutanyeshewa tu),
Biblia kubwa yenye picha za rangi.
Nikabakiza kijitabu cha sala, na chumvi.
Chumvi ni ya miguu, ya maji ya vuguvugu jioni.
Na sindano, na uzi mweupe, kwa malengelenge:
toboa, pitisha uzi, uuache humo unyonye,
usichune ngozi. Ngozi ndiyo nauli yako.

Wiki ya sita hii naondoka nyumbani saa kumi alfajiri,
raba za mtumba za soko la Mwanga,
soksi mbili mbili, nyembamba ndani, nzito nje,
napanda hadi Mwandiga na kurudi
kabla mitumbwi haijaingia na taa zake.
Siku ya kwanza mbwa wa Gungu walinisindikiza kwa kelele.
Siku ya tano hata kubweka hawakubweka,
nikaona upweke.
Walinzi wa maghala huuliza:
"Dada Venansia, unamkimbia nani?"

Simkimbii mtu. Nakwenda kulipa.

Nilikuwa na miaka mitatu na sijasimama.
Nilikaa pale nilipowekwa, kama mtungi.
Mama akasema, jumuiya nzima ikasikia:
"Akitembea huyu, nami nitatembea hadi Kabanga,
kwa miguu yangu, sitapanda hata baiskeli."
Nikatembea. Msimu wa mahindi mabichi, wanasema,
nikimfuata kuku.

Yeye hakutembea.
Mwaka ule ulikuwa wa Deogratias tumboni,
ukaja wa pacha, ukaja wa baba kuugua,
kisha likaja goti,
na goti halikuondoka tena.
Ameishi na ahadi ile miaka thelathini na moja
kama mtu anayelala na punje ya mchanga kitandani.

Nilipomwambia ninakwenda, hakushukuru.
"Nadhiri si shamba," alisema, "hairithiwi."
Nikamjibu, "Mama, ulichokikopa ni mimi.
Deni likiinuka likajilipa lenyewe
kuna ubaya gani?"
Akaninunia siku mbili.
Ya tatu akaanza kunichemshia mawese
na majani asiyoyataja jina,
ananipaka visigino kila usiku, kwa nguvu, kama anasugua sufuria,
hadi shuka langu limegeuka rangi ya machungwa.

Usiku huu begi liko mlangoni:
kilo sita kasoro.
Juu kabisa rozari yake, imepungua punje moja.
Niliipima peke yake, mshale haukutikisika,
na mimi nimepima vitu miaka kumi,
najua mzani hudanganya wapi.

Naogopa. Naogopa siku ya pili.
Ya kwanza, anasema Leokadia, unatembea kwa imani,
ya tatu kwa mazoea;
ya pili una miguu tu.

Mama ameburuta kigoda chake hadi uani,
taa ya simu mkononi, goti limenyooshwa mbele
kama kitu cha mtu mwingine.
"Vaa raba. Zote mbili. Na begi."
Nimevaa.
"Sasa nenda mpaka kwenye banda la kuku,
urudi. Taratibu.
Nataka nione."