Rimu ya Lori la Kahawa

Alfajiri Anaeli alichora mistari ya chokaa
kwa kopo la maziwa lenye matundu ya msumari,
mlima ukiwa bado umejitanda mawingu.

Sasa ni jua la saa nane. Uwanja wa chuo
umebaki na vumbi, na mimi.
Washindi wa mita elfu kumi wamekwisha kuvaa ndala,
wanamenya ndizi chini ya jukwaa la mbao.
Mtangazaji amezima kipaza sauti.

Lakini kengele haijashushwa:
rimu ya lori la kahawa, nondo mkononi mwake.
Napita. Anaigonga kwa nguvu zote
kama alivyomgongea mama, mwaka wa sabini na nane,
pekupeku, wa mwisho,
Kibosho nzima ikimcheka.

Bado mzunguko mmoja.
Mistari imefutika yote. Njia naijua.