Kule

Jina lake ni Kule, maana alizaliwa wa nne.
Kwetu milimani mtoto wa kiume hachaguliwi jina,
hulikuta mlangoni kama viatu vya kaka zake:
Baluku, Bwambale, Masereka, halafu Kule.
Kilichomponza ni Kiswahili cha soko la Bwera.
"Kule ni wa kule," walisema wauza chumvi,
na kicheko kikavuka daraja la mpakani
bila kuulizwa kitambulisho.

Mimi ndimi niliyechora sura yake
kwenye ukuta wa duka la Masika, la sabuni na misumari.
Nilimaliza kopo zima la bluu
kwa mlima ulio nyuma ya kichwa chake,
na Masika akanikaripia: theluji iko wapi?
Nikaongeza theluji. Watu walisimama kuitazama.

Siku hizo alikuwa na neno moja tu: yetu.
Shaba yetu. Maji yetu.
Neno jepesi, hata kibogoyo hulitafuna.
Kisha akaenda Kampala, akarudi na jingine,
shirikisho,
refu, limevaa tai, limekumbatia faili.

Alitukusanya uwanja wa shule.
Alisema: nyumba moja, kila mtu na chumba chake,
na ufunguo wake,
na asilimia thelathini ya shaba.
Alisema vizuri. Sikuona uongo.
Ndipo akainuka bibi Ithungu,
akajifunga upya leso kiunoni, hana haraka,
akauliza:
"Kaka yangu alipanda mlimani na mkuki, hakushuka.
Mwanangu, wewe umesoma, nisaidie hesabu.
Yeye alikufa kwa asilimia ngapi?"

Nilimwona Kule akipapasa mfuko wa koti
kutafuta karatasi.
Hapo ndipo tulipomwacha,
si kwenye kura, hapo,
mkono ukiwa bado mfukoni.

Akaleta lami. Tukasema: kanunuliwa kwa lami.
Asingeileta tungesema: hata lami?
Akaleta gari la wagonjwa, likambeba mama yangu mwenyewe,
nami nikiwa ndani, nimeshika chupa ya dripu,
nikasema, hili nalo ni la kutufumba macho.
Kule kwao wanamwita mvunja nchi.
Huku tunamwita mshona nchi,
na hakuna tusi baya kuliko hilo
mbele ya watu walioshika mkasi.

Maana nchi isiyokuwepo haina mashimo barabarani.
Daktari wake hachelewi kazini,
waziri wake hana shemeji.
Nani atashindana nayo kwa faili?
Nami naipenda, nisiwadanganye.
Usiku nikikosa usingizi huichorea bendera,
kila usiku rangi nyingine,
ingawa rangi zenyewe hunifikia kwa basi la Kampala
na risiti ninaitunza.

Jana vijana walinilipa nimfute.
"Mlima uache," walisema, "mlima ni wetu."
Nikapanda ngazi na ndoo ya chokaa,
nikaanza na mdomo, ili asiniambie kitu,
nikaenda puani, nikayaruka macho,
nikayarudia.
Kikabaki kiwaa cheupe chini ya kilele,
chenye mabega ya mtu.

Jioni akaja mwenyewe, kwa miguu, bila msaidizi,
kununua misumari robo kilo.
Masika akapima bila kuinua uso.
Akatoka, akasimama, akautazama ukuta
kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.
"Theluji imeongezeka," akasema.

Nilitaka kucheka, koo likakataa.
Ngazi ilikuwa inayumba.
Akaweka misumari chini,
akaishika kwa mikono miwili
mpaka nikateremka.