Koti Hupimwa kwa Maji

Nyevu kanicheka mbele ya watu:
"Koti zito, Mombasa? Utaiva kama muhogo."
Sikumjibu. Niliitazama miguu yake mikavu
juu ya gunia, chini ya turubai,
nikajua huyu mvua huisikia kwa masikio.

Njoo basi Daraja la Nyali saa kumi na nusu alfajiri,
mwezi wa Mei, fulana imegandana na mgongo,
upepo unakuja toka Tudor bila kupiga hodi.
Baridi ya kwetu haimo kwenye kipimajoto.
Imo kwapani, imo baina ya vidole,
imo kwenye gurudumu la mbele linapoteleza
na mkono wenye ganzi unaitafuta breki.

Nimeshajaribu mengi.
Gazeti la jana kifuani: kufika Kengeleni
habari zote zishakuwa uji.
Majuala miguuni, ndani ya raba,
mpaka majuala yakapigwa marufuku
na mguu ukarudi kuwa mguu tu.
Ule mwamvuli mkubwa wa pikipiki nao
siku moja darajani uliniinua kwenye siti,
nikatua nishamuahidi Mungu mambo mengi,
mengine sijayatimiza.

Ndiyo maana leo nimekuja Kongowea
na elfu moja mia mbili
na chupa ya maji.

La kwanza la ngozi, jeusi, lang'aa,
ukilivaa hata anayekudai atakuamkia.
Nikamimina maji begani. Likanywa.
Likanywa kama mgeni wa harusini,
likawa zito,
kama abiria asiyelipa.

La pili buluu, jepesi, maji yakateleza
na Nyevu akatabasamu.
Nikaligeuza ndani nje:
kwenye mshono, tone.
Kisha tone jingine, likimfuata mwenziwe.
Mvua haihitaji mlango, kaka.
Tundu la sindano kwake ni geti.

"Unanunua, au wanifulia mitumba?"

La tatu lilikuwa chini kabisa ya robota,
manjano ya bizari, kola ndefu,
mgongoni maandishi ya nchi nisiyoijua,
mikono inayofika hadi kwenye vifundo vya vidole,
zipu ina ulimi wa kuifunika.
Nikajaza maji kwenye kofia yake kama ndoo,
nikaliinua, nikasubiri.
Wateja wawili wakasubiri nami,
mmoja ameshika sidiria asiyoilipia bado.
Hakikudondoka kitu.

"Hilo baya," akasema Nyevu,
ukweli umemponyoka kabla hajaupangia bei.

Ni baya. Ndani yake ni mtungi wa gesi wenye miguu.
Lakini Mwinyihaji alichagua jeusi,
lilimpendeza, kila mtu alimwambia,
na dereva wa lori pale Kibarani
aliapa mbele ya polisi hakuona mtu,
aliona usiku tu.

Nikatoa mia saba. Tukavutana hadi elfu.
Suruali na glavu tutaonana Juni, inshallah.

Alfajiri imekuja na maji yake.
Mwanakombo yuko nyuma yangu, anawahi zamu kiwanda cha mkate,
amejifunika koti langu la zamani juu ya leso mbili.
Mimi mkavu. Shingo kavu, kwapa kavu,
najisifu kimoyomoyo:
nilipima bega, nilipima mshono,
nilipima zipu na kofia,
hakuna fundi angenifundisha.

Katikati ya daraja akaiona mifuko,
akatia mikono yake miwili apate joto.

Mifuko sikuipima.
Ilikuwa haina chini.
Vidole kumi vya barafu vikatua tumboni mwangu,
nikapiga ukelele uliofika Buxton,
na pikipiki ikayumba kidogo, ikajirudi,
naye, anacheka,
hakuvitoa.